Nyayo Nilizozificha Ndani ya Gambuti

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Ejok kwenu nyote, mliotoka mjini na mliotoka malishoni. Mimi ni nyanya yenu Paulina Akai, na leo sikusimama kusema mambo makubwa. Nimesimama kusema juu ya kucha za miguu yangu. Mnaocheka chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, nikiishi Lodwar. Kazi yangu ilikuwa kuosha sufuria nyuma ya hoteli ya mama mmoja Msomali, Halima, mtu wa huruma sana. Pale nyuma maji hayakukauka, basi Halima akaninunulia gambuti, viatu vya mpira vya kufika magotini. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kufunga mguu. Sisi ni watu wa akala, kipande cha tairi na mikanda yake, upepo unaingia na kutoka. Lakini gambuti zile nilizipenda. Maji yaliingia kwa juu, jua la Lodwar likayachemsha, miguu ikashinda imelowa.

Kucha ya kidole gumba ikawa ya manjano. Ikanenepa, ikaanza kumomonyoka kama chaki. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Na harufu! Siwezi kuipamba. Ilikuwa kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa majini. Nikafanya vile tulivyozoea kufanya kwa kila kidonda: nikapaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikafunga kitambaa, nikarudisha mguu ndani ya gambuti. Harufu ikazidi.

Hapo ndipo jirani yangu Napeyok alipokuja na neno lake. "Akai, huo si ugonjwa. Mtu amechota mchanga wa nyayo zako."

Mnajua kwetu. Mtu akipita mchangani, hata mtoto anasema huyu ni fulani, amebeba mzigo, mguu wa kushoto unamuuma. Na wako watu wanaoogopwa, inasemekana wanachota mchanga ule na kuufanyia mambo yao. Nilikuwa nimebatizwa, kila Jumapili naimba, lakini neno la Napeyok likaniingia. Tangu siku hiyo sikuzivua gambuti nje ya nyumba, ili mguu wangu usisomeke chini tena. Nilikwenda nazo sokoni, kanisani, hata mtoni Turkwel. Nilikuwa najificha ndani ya kitu kile kile kilichokuwa kinaniozesha.

Kisha habari ikaja kutoka Kakuma: binti yangu wa pekee, Nakiru, amejifungua msichana. Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza hapewi jina mpaka nyanya aingie ampakate. Nikapanda lori la mtu aliyeitwa Ekai, nikafika, nikaketi nje kwenye kivuli cha ua. Sikuingia.

"Mama, ingia," Nakiru akaniita.

"Humo kuna joto."

"Joto liko huko ulikokaa. Mtoto anakungoja. Hana jina, sasa tunamwita Wewe."

Nyumba zetu mlango ni mfupi. Unainama, unavua viatu, unakaa kwenye ngozi moja na mzazi na mtoto. Niliogopa harufu, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa laana. Kama kuna kitu kibaya kimefungwa mguuni mwangu, nitakiingizaje pale alipolala mtoto mchanga? Nikawa nalala nje kama mgeni. Nakiru akaanza kulia akifikiri nimemkasirikia kwa kuolewa mbali. Nilimsikia, na sikuweza kuinuka.

Mungu alimtuma Martha Achol. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Sudan, akiuza chai kambini, na kila asubuhi alikuja kununua maziwa kwa Nakiru. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini moyo ulikuwa mzima. Akaketi karibu nami. Nikasogea. Naye akasogea.

"Haboba," akasema, maana kwao nyanya ndiyo haboba, "gambuti hii nanuka."

Nikavuta miguu, nikaifunika kwa shuka langu.

"Toa."

"Utakimbia," nikamwambia.

"Mimi nakimbia Sudan kwa mguu. Siwezi kimbia tena sababu ya kidole."

Akazivuta mwenyewe. Akaleta maji ya vuguvugu, yale aliyotaka kupikia chai, na sabuni. Akaosha mguu mmoja, akaosha wa pili, akakausha katikati ya kila kidole kwa ncha ya shuka lake, polepole, kama anavyokaushwa mtoto. Hakuziba pua. Ndugu zangu, tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyekuwa ameshika miguu yangu. Nikalia, nikamweleza yote, mchanga na nyayo. Akaweka mkono juu ya kidole kile kibaya kabisa. "Yesu, mguu hii yako. Toa uoga." Akasimama, akasema twende zahanati.

"Kwani maombi hayatoshi?"

"Naomba, nimaliza. Sasa tembea."

Zahanati tulimkuta daktari kijana wa kwetu, Losike. Akakwangua kucha, akauliza habari za viatu, akapima mkojo aone kama nina sukari. Sikuwa nayo.

"Ata," akaniambia kwa heshima, kama nyanya yake, "hii ni kuvu. Ni kama ile inayoota kwenye gunia la mahindi lililonyeshewa. Inapenda maji na giza, na wewe umeijengea nyumba."

"Na mafuta yangu?"

"Yamefungia unyevu ndani. Usiyapake tena, yale. Hivi vidonge vinashika vizuri ukimeza na chakula chenye mafuta."

"Na mtu akichota mchanga wa nyayo zangu?"

"Achote. Atapata mchanga."

Nilicheka, ndugu zangu, nikacheka mpaka Achol akanishika bega. Na katika kicheko kile hofu iliniachia. Niliisikia ikitoka kifuani kama mzigo wa kuni unapotuliwa.

Losike akapunguza kucha, akaniagiza nikaushe miguu kila nioshapo, niiache ipate hewa, na wembe wangu nisiazimane na mtu. Gambuti sikuzivaa tena. Nilirudi kwa Nakiru na akala nilizonunua njiani, nikikanyaga mchanga waziwazi. Anayetaka kusoma asome.

Nikainama, nikavua, nikaingia. Nakiru akazitazama kucha zangu, bado mbaya, akanitazama usoni.

"Kumbe ni hiki tu, Mama?"

"Ni hiki."

Akaniwekea mtoto mapajani. Nikamwita Apua, jina la mama yangu.

Kupona hakukuwa kwa haraka. Nilimeza vidonge miezi mingi, nikirudi kwa Losike anitazame, kucha mpya ikisukuma ya zamani kidogo kidogo. Apua alikuwa anatembea mimi nilipoona ya mwisho imetoka safi.

Namshukuru Mungu kwa mikono ya Achol na dawa za Losike. Na wewe uliyekaa hapa na kitu umekifungia gizani kwa sababu ya hofu, kiwe cha mwilini au cha moyoni, mwonyeshe mtu mmoja anayempenda Mungu. Kisha nenda ukatibiwe. Bwana hakunionea kinyaa mimi. Wewe hatakuonea.