Mwalimu Aliyekataa Kuniandikia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mchungaji wetu, Mkuu wa Shule na walimu wote, ndugu wazazi mliopanda kutoka Gare na mliotoka Vuga asubuhi hii, wanafunzi, na wewe Mwalimu Rahabu, ambaye leo tunakuaga baada ya kutufundisha Kiingereza mpaka mvi zikakuota: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Naitwa Marietha Timotheo. Nilisoma hapa miaka ya tisini, na sasa ninafundisha usindikaji wa matunda katika chuo cha kilimo. Wengine watamsifu Mwalimu kwa upole wake. Mimi upole huo sikuuona. Nimekuja kumsifu kwa kunikatalia.

Wazazi wangu, mnaikumbuka miaka ile? Ushirika wa wakulima ulikuwa umelala, na sisi wenye matunda tukabaki tunayasubiri malori ya wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Lori likija, mnakula. Lisipokuja, je? Masika moja mlima uliporomoka, barabara ya Mombo ikafungwa, na mapeasi yetu yakaozea kwenye matenga mbele ya nyumba. Mwisho sisi watoto na ndugu wa ukoo tuliyamwaga korongoni.

Nilipomaliza kidato cha sita, ulitokea ufadhili wa wasichana kwenda kusomea teknolojia ya chakula. Nafasi zilikuwa chache, waombaji wakatoka nchi nzima, na kila mmoja alitakiwa aandike insha ya kueleza yeye ni nani na kwa nini achukuliwe. Nyumbani kwetu hapakuwa na njia nyingine ya kunipeleka chuo. Nikaandika kwamba tangu utotoni nimekuwa na ari ya kulitumikia taifa langu. Nikampa shemeji yangu Benedikto, aliyekuwa karani hapo Lushoto mjini. Akasoma, akatabasamu: "Nzuri sana, shemeji. Peleka."

Nani hapendi kuambiwa hivyo? Nilitembea barabarani kama niliyekwisha kuchaguliwa. Nikapita hapa shuleni nimwonyeshe Mwalimu Rahabu, na niseme kweli, nilitaka anisifu tu.

Aliisoma amesimama, pale barazani mwa ofisi ya walimu. Kisha akasema, "Marietha, hii ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kutoka Bukoba mpaka Mtwara. Wewe uko wapi humu?"

"Niko hapo juu, Mwalimu. Nimeandika jina."

Hakucheka. "Kwa nini unataka kusomea chakula? Kwa nini si uuguzi?"

Ndipo nikamsimulia habari ya mapeasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia karatasi. "Andika hayo."

"Mwalimu, hayo ni aibu yetu. Basi niandikie wewe, Kiingereza chako ni kizuri."

"Nikikuandikia watanichukua mimi," akasema. "Na mimi nina kazi tayari."

Niliondoka na hasira, wala sikuaga vizuri. Lakini hasira ile ndiyo iliyoniandikisha insha ya pili. Nilipomrudishia, hakunibadilishia hata sentensi moja. Alijaza maswali pembeni: Nani alisema hivi? Harufu ilikuwaje? Baba yako alifanya nini? Hapo kwa baba nilikuwa nimeandika kwamba alivumilia.

"Una hakika alivumilia?" akaniuliza. "Mwenyewe amesikia ulichoandika juu yake?"

Jumapili baada ya ibada akaja nami nyumbani. Nilimsomea baba insha yangu, naigeuza kwa Kishambaa mstari kwa mstari, huku mama akipepeta maharage. Baba alikunja uso tangu mwanzo. "Unatuanika mbele ya watu," alisema. Nilimtazama Mwalimu, hakuniokoa. Nikaendelea kusoma. Nilipofika pale pa kuvumilia, baba akainua mkono kunisimamisha.

"Hapo umekosea. Sikuvumilia. Ninyi mlipokwenda korongoni nilichukua shoka niikate mipeasi yote. Mama yako ndiye aliyenishika mkono."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nilimwambia mti hauna kosa," alisema.

Ndugu zangu, nilikuwa naishi nyumba moja na watu hawa, na jambo hilo sikulijua! Nikamwuliza baba kama naweza kuliandika. Akatazama shambani, kisha akasema, "Andika. Lakini liandike lilivyokuwa."

Nililiandika lilivyokuwa. Nikaitwa kwenye usaili, na mama mmoja wa jopo, kabla ya swali lolote la sayansi, akaniuliza, "Ile miti bado ipo?" Nikamjibu ipo. Akaniuliza tungeyafanya nini matunda barabara ikifungwa tena, nami nikaongea mpaka wakanizuia. Nilichaguliwa.

Wazazi, najua mnawapenda watoto wenu. Lakini mtoto akikuletea kazi yake, ukamwambia nzuri sana bila kuisoma, umempa nini? Na ninyi mnaomtafuta mtu wa mjini awaandikie kila kitu, siku ya usaili nani ataingia chumbani, yeye au mtoto? Wanafunzi, atakayewauliza maswali magumu msimkimbie. Nilimkasirikia huyu Mwalimu wetu wiki nzima, na hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyenisoma kwa makini kama yeye.

Mwalimu, kwa niaba ya wote uliotukatalia, tunakushukuru kwa moyo wote. Najua unarudi kwenu Vuga kupumzika. Leo asubuhi nilikuuliza kama bado utapokea insha za vijana hawa, na jibu lako ninalifikisha kwao kama lilivyo: "Waje. Ila kila mtu aje na kalamu yake."

Nawashukuru nyote kwa kunipa nafasi hii na kunisikiliza mpaka mwisho. Asanteni sana.