Bi Ummulkheir binti Faraj, Aliyeuliza Kwa Nini Milango Ilifungwa

Bi Ummulkheir binti Faraj, tuliyemzika jana alasiri, alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, mwaka 1870, katika nyumba ya pili nyuma ya Ndia Kuu. Alisoma chuoni kwa shangazi yake, akahitimu Kurani akiwa na miaka tisa, na tangu hapo ulimi wake haukujua kupumzika.

Mwaka 1888 aliolewa na Bwana Yeslam, muuza samli. Mungu aliwajaalia mtoto mmoja tu, Saadia. Kazi ya marehemu ilikuwa kupamba maharusi, na hakuna nyumba mjini ambayo wanawake wake hawakumjua.

Ndui ilipoingia mwaka 1907, mchanjaji wa serikali alipita mitaani akafungiwa milango. Karani wake akaandika kwamba wanawake hawa ni wajinga. Maneno hayo yalimuudhi sana Bi Ummulkheir. Alizunguka majikoni miezi miwili, akiuliza kisha akinyamaza asikilize, na kunyamaza kwake ilikuwa kazi kubwa.

"Dawa siikatai," mama mmoja alimwambia. "Lakini mkono wangu haushikwi ni mwanamume nisiyemjua."

Wengi walisema hivyo hivyo. Basi akamng'ang'ania mchanjaji mpaka akafundishwa kuchanja, akawachanja wanawake wenzake na watoto wao kwa mkono wake. Milango ikafunguliwa.

Wa kwake hakumchanja. Saadia alikuwa aolewe mwezi ule, na siku bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake, mikono huwa wazi, imepakwa hina. Mama hakutaka kidonda cha chanjo kionekane. "Na ipite harusi kwanza," alisema. Saadia alifariki kwa ndui tarehe 14 Novemba 1907, siku sita kabla ya harusi yake. Bi Ummulkheir alilia mpaka tukamhofia macho.

Tangu hapo hata nyumba yenye eda au matanga haikumzuia. Kila nyumba iliyosita aliingia, akaketi, akasema: "Mimi nalichelea kovu, nikamzika mwanangu. Nawe, mwenzangu, wachelea nini?" Kisha alingoja ajibiwe, hata kama ni kutwa nzima.

Maradhi ya kifua yalimwanza baada ya mwaka mpya, akafariki Jumatano, tarehe 12 Machi 1913, akiwa nyumbani kwake.

Ameacha mume wake, Bwana Yeslam, na dada yake, Bi Shariffa, aliyeandika haya. Ameacha watoto wengi wa watu, wazima, aliowachanja yeye. Wake mwenyewe hakuacha.

Mola amsamehe, naye ajisamehe, na leo awe amefika kwa Saadia.