Redio Iliyozimwa Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Na wewe uliyetutundika pamoja na redio yako kwenye tawi huku mikono yako iko kazini, karibu pia.

Leo tunamkumbuka Madoka Isozumi, mgema wa utomvu wa mti wa urushi, ule unaong'arisha vyombo vya mbao, aliyeuawa na dubu mwezi uliopita. Alizaliwa Osaka. Amekufa mgema wa huku kwetu kaskazini, na alikuwa msikilizaji wetu.

Habari zake tumepewa na rafiki yake, Orie Sawaguchi. Orie ametuomba tusizipambe. Hatutazipamba.

Walikutana chuoni Tokyo, chumba kimoja cha bweni. Madoka alikuwa na maneno mengi, kama watu wa kwao. Mambo ya jadi aliyaita mambo ya mabibi. Kimono ilimbana, na sherehe ya chai ilimtia usingizi. Alikuwa anajifunza Kifaransa apate kuondoka Japani. Jioni moja ya baridi Orie akampa supu ya miso ndani ya bakuli jekundu la kwao. Madoka akalishika kwa mikono miwili, akanyamaza. Kwa Madoka, kunyamaza lilikuwa jambo kubwa.

"Shoga," akasema mwishowe, "mbona hili bakuli ni kama na lenyewe linanishika?"

Orie hakumhubiria. Alimwambia tu kwamba utomvu uliopakwa bakuli lile uligemwa na baba yake, na likizo ikifika aje aone.

Akaja. Hazikupita siku nyingi utomvu ukamwasha, uso ukavimba hata macho yakapotea. Mzee Sawaguchi, baba yake Orie, alimtazama akacheka.

"Huyu wa Osaka turudishe kwao, au tumuuze sokoni kama andazi?"

"Niuze, mzee," Madoka akajibu kwa midomo iliyovimba, "ila bei usipunguze."

Alipomaliza chuo akarudi, na hakuondoka tena. Mzee alimfundisha kushika kisu. Hakumsifu hata siku moja, maana ya mgema akisifiwa tunayajua. Lakini kilichomfunga Madoka na mlima alikipata kwa Orie. Mti wa urushi hulelewa miaka mingi, hugemwa msimu mmoja, kisha hukatwa. Mgema anauua mti wake mwenyewe. Kwa hiyo katika nyumba ya Sawaguchi, kabla ya kuchanja gome mara ya mwisho, mtu huzima redio, huinama, na kuushukuru mti kimyakimya.

Nanyi mnajua redio haizimwi mlimani. Redio ndiyo inayomwambia dubu kwamba hapa pana mtu. Ndiyo maana walikuwa wakienda wawili. Mmoja akiinama, mwenzake anaangalia nyuma. Madoka alipenda desturi hiyo kuliko zote. "Dubu naye kalelewa," alikuwa akitania. "Atangoja nimalize."

Mama yake, Mama Fumie, hakuupenda mlima ule. Hata hivyo kila mwezi alituma kifurushi kutoka Osaka: mwani uliopikwa kwa sukari, na betri. "Kama ni lazima ukae na dubu," alimwambia kwenye simu, "basi piga kelele."

Ikafika Oktoba, dubu wanaposhiba kwa ajili ya baridi. Orie alikuwa na homa. Ilibaki miti michache ya kuchanjwa mara ya mwisho, na mvua ilikuwa njiani. Orie akamsihi angoje.

"Lala wewe," Madoka akasema. "Nikirudi nakupikia uji."

Hakurudi. Mzee Sawaguchi ndiye aliyemkuta, chini ya mti. Redio ilikuwa inaning'inia kwenye tawi, haina hata mkwaruzo. Alipogusa kitufe, ikawaka. Ikatoka sauti yetu. Tulikuwa tunasoma hali ya hewa.

Nasema tena, wasikilizaji wapendwa. Redio ilikuwa nzima. Betri zilikuwa nzima. Redio ilikuwa imezimwa.

Siku ya kuchoma maiti, familia ilikaa chumba cha kungojea. Chai ilipoa mezani. Mama Fumie hakulia. Alikuwa anarudia neno moja tu: mwezi ule hakutuma betri. Goti lilimuuma, akasema posta ataenda kesho. "Nimemuua mwanangu kwa uvivu wa goti," akasema.

Mzee Sawaguchi akamnong'oneza bintiye anyamaze, kwani ukweli haumrudishi mtu. Orie alikuwa amepewa nafasi kati ya watakaookota mifupa ya marehemu majivuni. Akisema, huenda akafukuzwa kabla moto haujaisha, na asimuage Madoka kamwe. Asiposema, mama huyu atarudi Osaka na betri zile moyoni mpaka kaburini.

Orie akaweka mikono sakafuni, akainama.

"Mama, betri zilikuwa nzima. Redio aliizima mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kuizima."

Mama akauliza kwa nini. Orie akamweleza habari za mti na shukrani.

"Kwa ajili ya mti," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu ameuawa na adabu."

Wakaitwa. Mfupa wa marehemu, kama ada yetu, huokotwa na watu wawili kwa vijiti, wote wakishika mfupa mmoja. Mama Fumie akachukua vijiti vyake. Dada yake akasogea kumsaidia. Mama akamtazama Orie, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Njoo," akasema. "Sijakusamehe. Lakini mikono yake wewe unaijua kuliko mimi. Shika upande huo."

Wakauinua mfupa wa mkono. Haukuanguka.

Kwa Mama Fumie na ukoo wa Isozumi, kwa Orie na mzee wake, tunawapa pole. Nasi tuliobaki tutafakari: tunapowarithisha rafiki zetu yale tunayoyapenda, je, tunawarithisha pia na mtu wa kuangalia nyuma?

Huwa tunamaliza kwa dakika ya kimya. Leo tuliiandaa. Orie akatukatalia. "Msinyamaze," alituambia. "Kuna mtu mlimani sasa hivi, ameinama, na hana mwingine ila ninyi."

Hatutanyamaza. Hii hapa hali ya hewa ya milimani. Asubuhi ni ukungu. Mvua itaanza adhuhuri. Upepo unatoka kaskazini, na wewe uliye peke yako, usituzime.