Jumamosi za Papa Félicien Kaputo

Baba Padri, Mama Domitille, watoto, ndugu mliotoka Kirungu na majirani wa Lubuye, mimi Onésime, mdogo wa mwisho wa marehemu kwa baba na mama mmoja, ndiye niliyepewa karatasi hii niisome, nami naisoma kwa haya.

Papa Félicien Kaputo alizaliwa Kirungu tarehe 14 Machi 1921, akasoma kwa mapadri hukohuko mpaka darasa la tano, na mwaka 1941 akashuka milima kwa miguu mpaka Kalemie, wakati ule Albertville, akawa seremala bandarini kwa miaka ishirini na sita. Jina lake la ubatizo liliondolewa kwenye kitambulisho mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya Kizungu, midomoni mwetu halikuondoka. Tarehe 8 Juni 1946 alifunga ndoa na Mama Domitille, Mungu akawapa watoto sita, wanne wako hapa.

Mwaka 1968, vita ikiwa imetuachia wajane wengi na mashamba yaliyojaa majani, aliita nyumba kumi na tisa za Lubuye, wakakubaliana kila Jumamosi kulima shamba la nyumba moja, wote pamoja, mwenye shamba akiwapikia bukari na maharagwe, wakaiita kazi hiyo Zamu. Mihogo ya Zamu ndiyo iliyonisomesha mimi mpaka nikapata kiti kwenye biro, nikawa mtu wa ofisi.

Sasa nafika pale ambapo watoto wake waliniomba nipapite haraka, lakini sitapapita. Mwaka 1976 Zamu ililima shamba langu, Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Mama Adolphine, mjane, nami nikaona mtu wa biro hawezi kuonekana na matope magotini, nikatuma kibarua. Kaka hakunigombeza, aliniambia tu, "Onésime, tuliita weye, hatukuita feza yako." Nilicheka. Papa Basile, naye wa Zamu, akaniiga, wengine wakamwiga Basile, hata vibarua wakawa wengi kuliko wenyewe, wasio na cha kulipa wakaona aibu kuja wenyewe na mikono yao mitupu, na mwaka 1980 Zamu ikafa. Aliyeiua ni mimi. Kaka na Mama Domitille waliendelea kwenda kwa Mama Adolphine wawili tu, Kaka akiwa na miaka hamsini na tisa.

Kifua kilimshika Novemba 1983, akalazwa mara tatu, akatutoka juzi Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1984, saa kumi na moja alfajiri. Jana nyumba za Lubuye, bila kuitwa na mtu, zilitoa kila moja mtu wake wa kuchimba kaburi, na nyumba yangu, ndugu zangu, ikatoa kibarua. Nilidhani nafanya heshima. Walimrudisha kwangu kwa upole, na ingawa kwetu mwanamke hachimbi kaburi, sehemu yangu aliichimba Mama Adolphine.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali waliomhudumia, wenzake wa bandarini waliotengeneza sanduku hili, na majirani ambao tangu Alhamisi hawajazima moto wa jikoni.

Kaka, leo pia ni Jumamosi. Mama Adolphine, Papa Basile, nanyi nyote wa Zamu, nawaomba mniachie udongo wa kumfukia, hata kama nitachelewa kumaliza. Jembe nimekuja nalo mwenyewe. Pumzika kwa amani.