Kioo Kisichopasuka

Kwenye treni ya asubuhi, fundi simu alikuwa akimhubiria mama mshonaji aliyeketi naye. "Mama, mwezi ujao inatoka simu ya kioo kisichopasuka. Unaitupa toka ghorofani, haipati hata mkwaruzo! Nina habari za ndani." Habari za ndani, na behewa zima tunazisikia.

"Hongera, mwanangu. Na wewe kibandani kwako unatengeneza nini hasa?"

"Nabadilisha vioo." Akajikuna kisogo. "Lakini hizi ni tetesi tu, mama."

"Usihofu. Mimi nabadilisha zipu, na tangu usichana wangu naambiwa inakuja zipu isiyoharibika." Akapigapiga mfuko wake uliojaa suruali za watu.

Treni ikafunga breki kituoni. Simu yangu ikaniponyoka, ikatua kifudifudi. Abiria wote walinipa pole. Fundi alinipa kadi yake.