Mshale Unaorukaruka Kwenye Kioo Kikubwa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya duka la cherehani, na birika la kahawa ni langu. Asubuhi hiyo mjukuu wangu wa kike alikuja na laptopu kwapani, uso umemvimba. Kazi yake ni kuhariri video. Ofisi mpya imempa kioo kikubwa cha kompyuta cha kufanyia kazi nyumbani, na kazi ya majaribio inatakiwa kesho; akiboronga, hawamchukui. Kioo chenyewe kikali, kope za mtu unazihesabu, na boksi limeandikwa picha zake zina kasi ya ajabu. Lakini akikiunga na laptopu, mshale wa kipanya unarukaruka kama chura. Akichomoa, kwenye kioo kidogo cha laptopu mambo shwari.

Fundi Volti, mtengeneza redio na kila asichokijua, hakungoja kahawa ipoe.

— Laptopu yako haina kadi yake ya picha. Ubongo mmoja unafikiri na unachora. Mpishi huyohuyo ndiye muosha vyombo. Mkono mtupu haulambwi.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? nikamuuliza.

— Imeingia, Bibi.

Breki, dereva mstaafu, akasema kosa ni friji, inanyonya kasi ya umeme. Volti akambishia: friji haina hatia, kasi inamezwa na ukuta, hasa ukipakwa rangi ya mafuta. Kikombe cha pili hakijaisha, walishakubaliana chumba changu, kinachopakana na cha mjukuu wangu, kibomolewe.

Ndipo Volti akatoa lake la moyoni: achukue hiyo laptopu, ampe mtoto ile nzito ya kwake yenye kadi, wabadilishane sasa hivi. Mjukuu wangu akaipangusa vumbi, akamkabidhi. Volti akaipakata kama mwana.

Dada mmoja mpeleka vifurushi, mgeni kwetu, alikuwa ameegesha pikipiki anywe kahawa. Akamuuliza mtoto:

— Umeunga kwa waya gani?

— Wa televisheni ya zamani ya Bibi. Uliingia bila shida.

— Kuingia unaingia. Ila waya wa zamani vile hauwezi kubeba picha kali na kasi kwa pamoja. Laptopu haina kosa. Kioo kama hicho huja na waya wake, mfupi, ncha ndogo kama ya chaja ya simu. Unachomekwa tundu hili la pembeni. Waya huo uko wapi?

Volti akachungulia ndani ya kikombe. Breki akakohoa. Mtoto akasema boksi alilifungua mwenyewe, akatoa kioo, mengine akamwachia Bibi atunze.

Wote wakanigeukia. Nikafunika birika, nikainuka.

— Volti, mrudishie mtoto laptopu yake. Waya uko chumbani kwangu, unachaji simu tangu juzi.

Mjukuu wangu akanikodolea macho.

— Na unachaji haraka, nikamwambia. Twende ukauchomoe.