Kwa Nini Mzee Zablon Ogoti Alichukua Loya wa Adui Yake

Na hapana, ile historia ya marehemu iliandikwa Nairobi hatusomi. Nimeambia kamati ya mazishi, nimeambia pasta, sasa naambia maiki. Ile karatasi ya kwanza ilisema ati babu "alipitia changamoto za kisheria." Changamoto gani? Mtu ameshtakiwa kuchomesha mashine ya kuchuma chai, amefukuza loya mkubwa wa Nairobi mwenye ni mkwe wake, ameenda kuchukua loya yule yule alimtoa kwa kiti, halafu mnasema changamoto, kama ni mvua tu ilinyesha? Kila mtu kwa hii tenti amekuwa akijiuliza: huyu mzee alirogwa ama alinunuliwa? Hata mimi nilijiuliza. Leo mtajua. Mimi ni Nyaberi, mjukuu wake wa kwanza, na ni yeye mwenyewe alisema mjukuu ndiye asome.

Mheshimiwa Zablon Ogoti Nyaberi alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kambi namba tano, shamba la chai la Kaptelwo, Kericho. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyaberi, ndiye mimi nimepewa jina yake, na marehemu Mama Nyambeki. Wazazi wake walitoka upande wa Nyamira kuja kuchuma chai. Walikuwa wameambiana ni ya miaka miwili tu. Mama Nyambeki alichuma mpaka jioni akiwa na uchungu, na babu alizaliwa kabla majani ya siku hiyo hayajapimwa. Alikuwa akituambia, "Mimi nilifika kwa mizani kabla nifike kwa nyumba."

Alisoma shule ya msingi ya shamba kutoka 1964, akamaliza darasa la saba 1970. Sekondari aliingia, akatoka Form Two karo ikiisha. Hakuona haya na hiyo. Mwalimu wake wa Kiswahili alimpiga siku moja kwa kubisha, akabisha hata kama anapigwa, mwalimu akachoka akaketi. Babu akamuuliza, "Sasa mwalimu, tumeelewana?"

Kazi alianza 1973, kuchuma. Akawa turnboy, yaani utingo, wa trekta, akawa nyapara, akakosana na meneja, akarudi kuchuma. Wafanyakazi wakamchagua awasemee kwa chama yao, na hapo ndipo mdomo yake ikapata kazi. 1989 alinunua shamba hapa Kedowa, mahali tumesimama sasa, akalima viazi, akauza mitumba soko. 2013 aliomba kura ya MCA, kiti ya bunge ya kaunti, akaanguka. 2017 akaomba tena, akapita.

Sasa hapa msininyamazie kama hamjui. Mzee Kipkemoi, mwenye alishindwa, alienda korti na petisheni. Alisema babu alibeba wapiga kura na mabasi kutoka nje ya wadi. Loya wa Mzee Kipkemoi alikuwa Gachanja, wa hapo Kericho town, mtu mfupi, sauti ya kanisa. Huyo Gachanja alisimama mbele ya jaji akamnyorosha babu siku mbili. Alimuuliza juu ya mabasi. Alimuuliza juu ya mwanamke fulani wa Chebunyo, na cucu Bilhah, bibi yake, ameketi hapo nyuma. Mwisho akasema, "Mheshimiwa Jaji, kwa huyu bwana ukweli ni mgeni wa Krismasi. Anakuja mara moja kwa mwaka, na halali hapo usiku." Korti yote ilicheka. Kiti ikaenda. Uchaguzi ukarudiwa, Mzee Kipkemoi akashinda, na babu akarudi 2022 akaichukua tena. Mzee Kipkemoi, asante kwa ng'ombe umeleta. Wakati wa siasa hamkuwa mkipeana hata maji.

Na mabasi? Sitadanganya kwa kaburi ya mtu. Nilimuuliza, akaangalia juu akasema, "Watu walikuwa wanakuja kusalimia."

Alimwoa mke wake, Bilhah Mongina, tarehe 6 Desemba 1975. Cucu alikuwa akiuza uji kwa geti ya kiwanda. Babu alikunywa uji mpaka tumbo ikafura, ndipo akapata nguvu ya kuongea, na yenye alisema ni, "Hii uji iko na chumvi." Cucu akamwambia hakuna mtu anaweka chumvi kwa uji, ni jasho yako. Wakaoana. Mungu aliwapa watoto wanne: baba yangu Josiah, Aunty Shirley, Uncle Ezra, na marehemu Lydia.

Aunty Shirley ameolewa na Wakili Ogari. Mnamjua kwa televisheni. Sasa sikizeni vizuri.

Tarehe 12 Juni 2024, Kaptelwo walileta mashine mpya za kuchuma. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na hao watu wako na watoto. Babu alienda huko asubuhi. Alipanda juu ya jiwe akasema, "Hii mashine haitalala hapa leo." Hiyo alisema, kuna video, tuache kuzunguka. Saa nne kasorobo mashine ikawaka moto. Polisi walishtaki watu watatu: babu kwa uchochezi, na wachumaji wawili kwa kuchoma, Phelix na Nelvine. Nyapara mmoja aliandikisha ati aliona Phelix na mtungi wa petroli, Nelvine na kiberiti.

Ogari alichukua kesi siku hiyo hiyo, bure, na timu ya watu wa suti. Ndio maana tulishangaa babu akimfukuza. Mkutano wa kwanza nilikuwa, nilikuwa nimempeleka babu na pikipiki mpaka hoteli Kericho. Ogari akamuuliza na heshima, "Baba, hiyo saa nne kasorobo ulikuwa wapi?"

Babu akasema, "Nilikuwa hapo."

"Hapo wapi, Baba?"

"Hapo hapo."

"Ulikuwa na nani?"

"Na watu."

Ogari akaangalia wenzake. Akasema, "Sawa. Tutakana kila kitu. Na hao vijana wawili watafute loya wao, wasikuangushe."

Babu alifunga mdomo, mtu mwenye hajawahi funga mdomo. Wiki hiyo akamwandikia Ogari ati asante, wacha kesi. Aunty Shirley alilia. Watu wakasema kampuni imemlisha kitu. Na kesho yake babu akaniambia nimpeleke Kericho, kwa ofisi iko juu ya duka ya dawa ya mifugo. Kuona jina kwa mlango, nikasema, "Sokoro," ndio tunaita babu kwa Kikisii, "hapa ni kwa Gachanja!"

"Naweza soma," akanijibu.

Sekretari wake, dada anaitwa Jecinta, alituona akasimama mbele ya mlango wa ndani kama golikipa. Gachanja akatokea na miwani kwa kichwa.

"Mheshimiwa, umekuja kunipiga?"

"Nimekuja unitetee."

"Mimi? Si ni mimi nilikuita mwongo mbele ya jaji?"

"Ndio maana. Mke wangu alikusikia, kanisa ilisikia. Kwako mimi sina nguo imebaki. Toa huyu kijana nje nikuambie kitu."

Nikatolewa. Kwa mlango nilisikia sauti ya babu, si maneno. Halafu Gachanja akasema, "Pole sana, mzee wangu." Si Mheshimiwa. Mzee wangu.

Hiyo kitu alimwambia sikujua mpaka mwaka huu. Babu alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu 2011. Mwezi wa saba sukari ilienda kwa figo, tukampeleka hospitali ya Longisa, na madaktari na manesi huko walimshika vizuri, Mungu awabariki. Nililala huko naye. Siku moja nikimnyoa ndevu nikamuuliza tu, kwa hasira, kwa sababu Phelix ni rafiki yangu na mama yake alikuwa ananilaumu sokoni. "Sokoro, ulifukuza loya wa bure ukachukua adui. Kwa nini?"

Alicheka. Akasema, "Wewe ni mjukuu, wewe naweza kuambia."

Majirani Wakipsigis na Wakikuyu, mtusikize kidogo. Kwetu Wakisii kuna kitu tunaita chinsoni. Ni heshima ya mzazi na mtoto, na ya mkwe na mkwe. Mambo ya mwili hayatajwi kati yenu. Mkwe wako hawezi kuingia mahali umelala, hawezi kusikia aibu yako, na wewe huwezi kufungua mdomo umwambie. Si kwa jeuri, mdomo yenyewe inakataa. Lakini babu na mjukuu hakuna hiyo. Sisi tunataniana, tunaambiana yote. Kwa hivyo wakwe wenye wanaona nitawakosea, mnaweza kusonga nyuma kwa jikoni kidogo, sitakasirika. Cucu Bilhah amenipa ruhusa. Nasoma.

Siku ya moto babu hakuwa amekunywa chai. Kabla mashine iwake, watu wakianza kusukumana, sukari yake ilishuka. Aliteremka kwa jiwe, akatembea akitetemeka, akaanguka katikati ya mistari ya chai. Na akajikojolea. Na si mkojo tu. Mwenye alimwona ni Phelix. Phelix alimbeba kwa mgongo, mzee mzima, mpaka kambi namba tano. Nelvine alikimbia nyuma yao. Alifungua ile karatasi ngumu ya plastiki wachumaji hufunga kiunoni umande usiwaloweshe, akamfunga babu nayo, akamwekea sukari kwa ulimi. Moshi ilipoanza kupanda, Phelix alikuwa anachota maji ya kuosha Mheshimiwa. Mtungi nyapara aliona ulikuwa wa maji, na kiberiti ya Nelvine ilikuwa kapakiti ka sukari.

Hao ndio wachomaji wenu.

Wale vijana walikaa rumande siku tisa na hawakusema. Phelix aliambia polisi, "Nilikuwa nasaidia mtu." Mtu gani? Hakumtaja. Hangemvua mzee nguo mara ya pili. Na babu naye, mbele ya Ogari, mdomo ilikataa. Angekana kila kitu, angetoka huru, na hao wawili wangebaki ndani. Ndio akatafuta loya mwenye hana heshima yake ya kulinda. Ogari, wewe si mtu mbaya. Ulikuwa tu mkwe. Aliniambia nikuambie hivyo, na alisema ulimwoa Shirley vizuri.

Gachanja alichukua kesi ya wote watatu, akamuuliza babu kama atasema hayo kortini mbele ya watu. Babu akasema, "Nitasema. Lakini mkwe wangu asikuwe ndani." Alipewa tarehe 26 Agosti atoe ushahidi. Alinunua hata suruali mpya, akasema hii nayo itarudi kavu.

Hakufika. Tarehe 7 Agosti 2025, Alhamisi, saa kumi na moja asubuhi, babu alipumzika huko Longisa, cucu akiwa amemshika mguu. Alikuwa na miaka 69. Neno la mwisho nilisikia alimuuliza nesi kama amejiandikisha kupiga kura.

Ameacha mjane wake, Mama Bilhah Mongina. Ameacha watoto watatu, Josiah, Shirley na Ezra, na wakwe zao. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, na kitukuu mmoja mwenye anaitwa Ogoti na amelia tangu asubuhi. Ameacha ndugu mmoja huko Nyamira, na wachumaji wa Kaptelwo wenye waliitwa watoto wake hata kama walimzidi miaka. Ulale, Sokoro, umechoka kubishana. Udongo wa Kedowa ukuwe mwepesi kwako.

Sasa, kesi ya babu imekufa na babu, korti haifungi kaburi. Ya Phelix na Nelvine haijakufa. Gachanja ako hapa, mstari wa tatu, bado ni loya wao. Ameniambia wazi: "Nyaberi, yenye uliambiwa hospitalini haitoshi. Nataka mtu aliona kwa macho yake."

Na waliona. Kulikuwa na wamama kwa bomba ya kambi namba tano. Kulikuwa na wazee wakicheza drafti kwa kivuli ya stoo. Mliona Mheshimiwa amebebwa, halafu amefungwa karatasi ya kuchumia kiunoni, mkageuka mkaangalia ukuta, kwa sababu ni mzee na ni aibu. Polisi wakauliza, mkasema hamkuona kitu. Nawaelewa. Mlimheshimu. Lakini mwenye heshima ako kwa sanduku, na nimesema yote kwa maiki, hakuna kitu imebaki ya kuficha. Msinipatie pole. Msikule hii ng'ombe ya Mzee Kipkemoi muende nyumbani mkinyamaza. Kabla utoke kwa hii boma, kuja mstari wa tatu, upatie Gachanja jina yako na simu yako, na Jumanne tarehe 26, saa tatu asubuhi, simama kortini Kericho useme uliona.